Watu wa Mlima Washukapo Ziwani

Mtu wa Cyanzarwe akienda mjini hushuka, na akirudi hupanda. Tarafa hii, umurenge kama wenyewe wanavyoiita, ni mojawapo ya tarafa 12 za wilaya ya Rubavu. Iko kaskazini mwa mji wa Gisenyi, imepakana na Kongo, na mlima Nyiragongo huonekana kutoka mashambani. Udongo wake ni wa volkeno, mweusi na wenye rutuba. Watu hulima viazi mviringo, maharage na mahindi, na mazao hayo huteremshwa sokoni kichwani, mgongoni au juu ya baiskeli. Mtoto hutumwa maji angali mdogo, dumu la manjano mkononi, na kwenye njia hiyo ya mtoni ndiko miguu yake inakofundwa.

Chini kabisa, mahali barabara inapoishia, kuna ziwa Kivu. Na kando ya ziwa hilo, tangu 14 Agosti 2022, hufanyika mbio ambazo Afrika Mashariki haikuwa imewahi kuziandaa: Ironman 70.3 Rwanda. Mshiriki huogelea kilomita 1.9, huendesha baiskeli kilomita 90, kisha hukimbia kilomita 21.1. Ile 70.3 ni jumla ya maili zote. Safari nzima ni lazima iishe ndani ya saa 8 na nusu. Wanaoshindania ushindi ni wachache. Waliobaki ni watu wa ridhaa, wenye kazi zao na familia zao, ambao wamefanya mazoezi alfajiri na jioni kwa miezi mingi ili siku hiyo wafike mwisho.

Mchezo huo, triathloni, ulikuja kutoka mbali. Mbio za kwanza za Ironman zilifanyika Hawaii, kisiwa cha Oahu, tarehe 18 Februari 1978, baada ya ubishi wa wanamichezo: nani ana mwili imara zaidi, muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji? Kisiwa kilikuwa tayari na mashindano matatu, kila moja na watu wake. John Collins, afisa wa jeshi la majini la Marekani, na mkewe Judy wakapendekeza yaunganishwe yawe moja. Walianza watu 15, wakamaliza 12, na Gordon Haller akashinda kwa saa 11 na dakika 46.

Rubavu nayo ina mambo hayo matatu tangu zamani, ila huku si mashindano, ni riziki. Kutembea na kukimbia ni kwa mkulima. Baiskeli ni ya mchukuzi. Maji ni ya mvuvi. Kila kazi ina watu wake, nyimbo zake na adabu zake, na mtoto hurithi ya kwao. Kijana wa Cyanzarwe anayejiandaa kwa triathloni anajitwika kazi tatu ambazo desturi iliwagawia watu watatu.

Kwa upande wa miguu, kijana huyo ana akiba. Gisenyi yenyewe iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Cyanzarwe iko juu zaidi, kwa hiyo mapafu yake yamezoea hewa nyepesi. Akikimbia jioni kwenye barabara ya vumbi hakosi wa kumshangilia. Waliotoka shambani, majembe begani, humwita: "Komera!" Neno hilo la Kinyarwanda, yaani uwe na nguvu, huambiwa mtu aliyebeba mzigo, aliyefiwa au anayelima. Sasa limempata na mkimbiaji.

Hata desturi ya kuufunza mwili si ngeni Rwanda. Zamani vijana walipelekwa itorero, kwenye nyua za wakuu, wakafundishwa ngoma, ufasaha, vita na kuruka. Mwaka 1907, Adolf Friedrich, mtu wa ukoo wa watawala wa Mecklenburg, Ujerumani, alipofika Nyanza kwa mfalme Musinga, wageni waliwapiga picha vijana wakiruka kamba iliyowekwa juu kuliko vichwa vya watu. Mchezo huo uliitwa gusimbuka urukiramende.

Baiskeli nayo ni ya nyumbani. Anayebeba abiria nyuma ya kiti huitwa umunyonzi, na baadhi yao walianza hivyo wakaishia kwenye mbio. Ng'ambo ya mpaka, Goma, kuna chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili ambalo mji umelijengea sanamu. Mchukuzi wa viazi wa Rubavu hupakia magunia hadi baiskeli ikatoweka chini ya mzigo. Mahali tambarare hupanda akakanyaga. Penye mlima hushuka akasukuma, kifua mbele, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia. Akifika kileleni hupanda tena. Walimu wa triathloni huwasumbua wanafunzi wao kwa zoezi la namna hiyohiyo: ukishuka kwenye baiskeli, kimbia papo hapo, hata kama miguu imekuwa kama magogo, mpaka ikubali kubadili kazi. Miguu ya mchukuzi imefanya mabadiliko hayo mara nyingi kwa siku, tena kwa miaka.

Ndiyo maana mashindano ya baiskeli yana mashabiki wengi mno kwenye milima hii. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988 na ikaingia kalenda ya shirikisho la kimataifa, UCI, mwaka 2009. Kati ya 2014 na 2018 wenyeji waliitwaa mfululizo: Valens Ndayisenga mara mbili, kisha Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya na Samuel Mugisha mara moja moja. Kwa wanawake njia ilikuwa nyembamba zaidi, kwa sababu kwa mila mwanamke juu ya baiskeli hakuonekana vizuri. Mwaka 2015 Jeanne d'Arc Girubuntu alishiriki mashindano ya dunia ya barabarani huko Richmond, Marekani. Miaka 10 baadaye, Septemba 2025, mashindano hayohayo yalikuja Kigali, na ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika.

Basi linabaki ziwa, na hapo ndipo mtu wa mlima anapoanza upya.

Kivu ni la wavuvi. Usiku usio na mbalamwezi, taa zao hutapakaa majini kama mji mwingine. Chombo chao ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma, na nyavu hushushwa kati yake. Wakitoka jioni huimba, kwani wimbo ndio unaolinganisha makasia. Wanachokifuata ni sambaza, dagaa walioletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao leo hukaangwa na kuliwa pande zote mbili za mpaka. Watu hawa wanajua upepo huamka saa ngapi, na ndio wa kuulizwa kabla mtu hajajitosa. Kivu limehifadhi gesi nyingi vilindini, na kwenye kingo zake, hasa upande wa Goma, kuna mabonde ambamo hewa nzito hujikusanya ikaua. Wasemao Kiswahili huko huiita mazuku. Kijana aliyeshuka kutoka Cyanzarwe huwaamkia wazee wa mitumbwi, husikiliza, kisha huogelea pale wanapoogelea watoto wao.

Somo la kwanza ni la unyenyekevu. Maji si baridi sana, nyuzi 23 hadi 25, lakini mtu anayepanda kilima bila kuhema huishiwa pumzi baada ya mita 50 tu. Kosa liko kifuani: huku juu amezoea kuvuta hewa apendapo, majini ni lazima aitoe uso ukiwa ndani na aivute kwa zamu. Kisha miguu, ile iliyokuwa fahari yake barabarani, humsaliti. Ni mizito, haielei, na vifundo vyake vimekakamaa kwa kukimbia. Inazama na kumvuta kiwiliwili, naye anakuwa kama anapanda mlima ndani ya maji. Dawa yake ni polepole. Hujifunza kulala juu ya maji, kichwa chini, nyonga juu, dumu tupu lenye kifuniko kizuri likiwa boya lake, na mwenzake akimtazama kutoka ufukweni. Wiki nzima inaweza kuishia kwenye kutoa pumzi tu.

Ratiba yake hufuata kalenda ya jamii. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja, na hakuna wa kuikwepa kwa kisingizio cha baiskeli. Safari ndefu husubiri Jumapili baada ya ibada. Chakula ni kilekile cha nyumbani: viazi, maharage, uji wa mtama, ndizi mbivu za mfukoni. Vifaa ndivyo vinavyouma, maana baiskeli ya mbio ni ghali mno kwa mkulima. Hapo watu hutegemea ikimina, chama cha kuweka akiba, au huazimana, mmoja akifanya mazoezi asubuhi na mwingine jioni.

Mbio zenyewe huja wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa nyumbani. Ijumaa ya kwanza ya Agosti Wanyarwanda husherehekea Umuganura, sikukuu ya mavuno, na familia hula pamoja mazao mapya. Mwaka 2024 sikukuu ilikuwa tarehe 2 na mbio tarehe 4. Miaka si yote myepesi. Nyiragongo ililipuka 22 Mei 2021, na mitetemeko iliyofuata ikapasua nyumba na barabara za Gisenyi. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 mvua ilifurisha mto Sebeya; nchini kote watu zaidi ya 130 walikufa, na Rubavu ilizika wengi. Agosti mwaka uleule waogeleaji waliingia ziwani.

Mbio hizo zina pia nafasi ya timu, watu watatu, kila mmoja na sehemu yake, na hapo desturi ya zamani ya Rubavu hujipata nyumbani. Muogeleaji hutoka majini akikimbia, maji yakimchuruzika, hadi penye baiskeli zilizopangwa safu kwa safu. Mwenzake anamngoja, kofia ngumu imefungwa kidevuni. Muogeleaji huinama, hubandua kifundoni ule mkanda wenye chipu inayohesabu muda, humvisha mwenzake mguuni na kuhakikisha umekaza. Ndipo mwendesha baiskeli anapoichomoa baiskeli yake kwenye safu na kukimbia nayo mkononi kuelekea barabarani, kule mlima unakoanzia.