Jenereta ya Nyumbani Isirudishe Umeme Kwenye Nguzo

Kwa miaka mingi wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera zilitegemea mitambo ya dizeli ya Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO). Leo kituo cha kupoza umeme cha Nyakanazi kipo Biharamulo, na Rusumo wilayani Ngara upo mradi wa megawati 80 unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo, radi, miti inayoangukia nyaya na matengenezo ya laini bado hukatiza huduma, hivyo zipo kaya zinazotunza jenereta ya akiba.

Hatari kubwa ya jenereta hiyo humkabili mtu asiye ndani ya nyumba. Mwenye nyumba akichomeka waya wake kwenye soketi ya ukutani, umeme huweza kutoka hadi kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma hiyo hufanya kazi kinyume: badala ya kupoza, hupandisha volti 230 kuwa maelfu ya volti, katika laini ambayo fundi aliye juu ya nguzo anaamini imezimwa. Hata jenereta ikizimika kwa kuelemewa, sekunde chache zinatosha kuua.

Kinga yake ni swichi ya kubadili chanzo cha umeme, ambayo mafundi huiita chenjiova. Hufungwa baada ya mita, hukata waya wa moto na wa nyutro, na huruhusu chanzo kimoja tu kwa wakati. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, ambaye pia ataunganisha jenereta na ardhi.

Kuhusu ukubwa, kujumlisha wati za vifaa pekee hakutoshi. Pampu ya maji ya wati 750 huhitaji takriban mara tatu ya kiasi hicho inapoanza kuzunguka. Friji nayo ni vivyo hivyo. Aidha, katika vilima vya Ngara vinavyozidi mita 1,500 hewa ni nyepesi, na injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Anayehitaji wati 2,500 huko atafute jenereta ya wati 3,000 au zaidi.

Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kamwe si barazani wala jikoni, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mafuta yaongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa.