Stata ya gari haifai kuwa winchi ya boti

Swali hili huja likiwa limeshajibiwa nusu: fundi, stata ya gari gani ndiyo nzuri kwa kutengenezea winchi ya trela ya boti? Anayeuliza hatafuti kujua kama stata inafaa; hilo alishalimaliza mwenyewe. Anataka aambiwe tu kama ni ya Corolla au ya Land Cruiser ya dizeli. Hoja yake ni fupi na inaingia akilini upesi: stata inageuza injini nzima ya chuma, tena yenye mgandamizo ndani yake, sasa boti ya faiba ya futi 19 itaishindaje? Juu ya hapo stata za mtumba zimejaa kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani na Kirinyaga Road, bei yake haitishi, na betri ya kuiendesha tayari imo ndani ya gari linalovuta trela. Hitaji lenyewe ni la kweli, maana kuzungusha mkono wa winchi jua la saa saba, maji yamekupwa, si kazi ya kutamaniwa na mtu. Lakini jibu ni hapana, iwe ya Corolla au ya Land Cruiser, na inabidi lielezwe kwa hesabu, kwa sababu anayejibiwa kwa neno moja huondoka akamtafute fundi mwingine aliye tayari kumchomelea.

Tuanze na kazi yenyewe. Boti ya faiba ya ukubwa huo, ikiwa na mashine nyuma, mafuta, nanga na vikorokoro vyake, tuipe kilo 900. Mteremko wa zege unaopanda mita 1 kwa kila mita 7 huirudisha boti hiyo majini kwa nguvu ya kama kilo 130. Ongeza msuguano. Trela yenye rola nzuri zinazozunguka itadai kilo 90 nyingine, jumla 220. Trela ambayo boti inalala juu ya mbao zilizovikwa zulia inaweza kufikisha jumla karibu 400. Na katika pwani yetu, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mara nyingi huwezi kuirudisha trela ndani ya maji kiasi cha boti kuelea yenyewe mpaka juu ya rola. Utaikokota, na mkuku utakuwa unasaga. Basi chukua kilo 400 kuwa ndiyo kazi. Mwendo unaofaa ni mita 3 kwa dakika, ili mtu aliyesimama pembeni aone kama mkuku unakaa katikati ya rola au unapanda ukingoni. Piga hesabu: kilo 400 kwa mwendo huo ni nguvu ya wati 200 hivi. Wati 200 tu. Kwa hiyo anayetafuta mota yenye nguvu ya kutisha amekosea tangu mwanzo. Kazi hii inataka mvuto mkubwa kwa mwendo mdogo, kwa muda wa dakika kadhaa, na mtu anapoachia swichi inataka mzigo ubaki pale pale ulipo.

Sasa tuiangalie stata. Ya gari dogo la petroli hutoa kama kilowati 1 inapogeuza injini. Ni mara tano ya tulichohitaji, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kilowati hiyo inakuja kwa mwendo wa kasi. Muundo unaochomelewa mara nyingi ni huu: flaiwili yenye meno yake inaunganishwa na ngoma ya kamba, stata inafungwa pembeni kama ilivyokuwa kwenye injini. Flaiwili hiyo itazunguka kama mara 200 kwa dakika, ambao ndio mwendo wa kuwashia injini. Ngoma ya sentimita 8 itakuwa inakunja kamba mita 50 kwa dakika. Gawa kilowati 1 kwa mwendo huo na utapata mvuto wa kilo 120, ambao hauifikishi boti juu hata ya trela yenye rola nzuri. Ukiilazimisha, mwendo utashuka, umeme unaonyonywa utapanda, na stata itakaribia kukwama ikiwa inakula mamia ya ampea. Ile hoja ya kwamba inageuza injini nzima haikuuliza inaigeuza kwa mvuto gani, kwa kasi gani, na kwa muda gani.

Muda ndio unaoiua. Stata ni mkimbiaji wa mita 100 anayepewa gunia alipandishe mlimani. Imetengenezwa ifanye kazi sekunde chache kisha ipumzike, na maelekezo ya kawaida ya watengenezaji ni kutoizungusha zaidi ya sekunde 10 hadi 30 mfululizo, halafu uisubiri dakika kadhaa ipoe. Haina feni. Shafti yake mara nyingi hukaa kwenye bushi, si beringi. Inaponyonya ampea 200 huku betri ikishuka hadi volti 10, inaingiza wati 2,000. Ikitoa kazi ya wati 1,000, wati 1,000 zilizobaki ni joto linalobaki ndani ya shaba na chuma cha uzito wa kilo moja au mbili. Kwa uzito huo joto linaweza kupanda nyuzi moja hadi mbili na zaidi kila sekunde. Dakika moja inatosha kufika pale varnishi ya waya inapoanza kubadilika rangi. Kupandisha boti mita 6 kwa mwendo wa kistaarabu ni dakika mbili. Fungua stata iliyoungua kwa kazi kama hii: kaboni zimeliwa hadi mzizi, harufu ya varnishi haitoki, na kwenye stata za aina ya zamani utakuta ndani ya ganda matone madogo ya lehemu yaliyorushwa na rota baada ya viungo vya waya kuyeyuka. Hiyo lehemu haikuwa mbovu. Stata ilizungushwa kupita muda wake.

Mjanja atasema: basi nitaweka gia nyingi ili stata isisikie mzigo, na isiposikia mzigo haitapata moto. Hili ndilo pingamizi linalotolewa kwa uhakika mkubwa kuliko yote, na halisimami. Stata ikizunguka bila mzigo wowote bado hula ampea 50 hadi 90, yaani wati mia kadhaa zinazoishia karibu zote kuwa joto, kwa sababu imesukwa kwa waya mnene wenye mizunguko michache na kaboni zinazokandamiza kwa nguvu. Zaidi ya hayo, stata zilizosukwa kwa koili badala ya sumaku za kudumu huongeza kasi kadiri mzigo unavyopungua, mpaka nyaya za rota zinaweza kutoka kwenye nafasi zake. Ukiipa mzigo inaungua. Ukiipunguzia mzigo inaungua polepole na kujivunja haraka.

Hata hivyo, kuungua kwa stata ni hasara ya pesa tu. Jambo linaloumiza watu ni lingine, na ajabu ni kwamba halitajwi kabisa katika mazungumzo ya winchi za kujitengenezea: stata haishiki, na imeundwa kwa makusudi isishike. Ukiwasha gari na kuachia ufunguo, solenoidi inaachia, springi inarudisha kile kigia kidogo nyuma, na flaiwili inabaki huru. Isingekuwa hivyo, injini ingeizungusha stata hadi ipasuke. Hamishia tabia hiyo kwenye trela. Boti iko nusu ya mteremko, omo juu, tezi bado majini, mtu anaachia swichi apumue. Kigia kikijitoa, ngoma iko huru na kilo 900 zinarudi baharini. Kigia kikibanwa na mzigo kisijitoe, kilichobaki kuuzuia mzigo ni mota isiyo na umeme wala breki, na hiyo itazungushwa kinyumenyume. Kama mkono wa winchi ya kawaida umeachwa umechomekwa kwenye ngoma hiyo, utazunguka kwa kasi inayovunja mfupa wa mkono wa aliye karibu. Na usifikirie kuiteremsha boti taratibu kwa kugeuza nyaya. Stata ya koili ukigeuza nyaya za betri itaendelea kuzunguka upande ule ule, kwa kuwa umegeuza vyote viwili, rota na koili. Ya sumaku itageuka kweli, lakini klachi yake ndogo hupeleka nguvu upande mmoja tu, kwa hiyo mota itapiga kelele bila kuiendesha ngoma.

Kuna wanaojibu kwamba wataongeza racheti. Racheti inazuia mzigo usirudi, ndiyo, lakini siku ya kuteremsha boti itabidi uinue kile kidole chake huku mzigo wa boti ukining'inia juu yake, na kitakapochomoka hutakuwa na breki ya kupunguza mwendo. Wengine wananyoosha kidole kwenye winchi za magari ya porini na kusema mota yake ni sawa na stata. Hapo wana sehemu ya ukweli, na inastahili jibu la heshima. Mota za winchi hizo kweli ni ndugu wa stata, nyingine zimesukwa kwa namna ile ile. Ila zina vituo vya nyaya vilivyotenganishwa ili ziweze kugeuzwa, gia zinazopunguza mwendo zaidi ya mara 150, na breki iliyomo ndani ya ngoma inayoshika kila mota inaposimama. Hata pamoja na hayo yote, mtengenezaji anakuambia uvute kidogo upumzishe. Anayenunua stata ananunua sehemu iliyo rahisi kuliko zote za winchi na kuacha gia na breki. Na yule jirani ambaye ya kwake inafanya kazi mwaka wa pili sasa? Mwulize boti yake ina uzito gani, anavuta mita ngapi, na ameshabadilisha kaboni mara ngapi.

Waya nao huwa haupigiwi hesabu. Kutoka betri ya gari hadi mbele ya trela ni kama mita 6 na nusu, kwenda na kurudi 13. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 16 ikipitisha ampea 200 itapoteza karibu volti 3 njiani, robo ya umeme wote. Tena shaba iwe shaba, maana sokoni zipo kebo nene zenye moyo wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Kwangua ncha kwa kisu uone rangi ya ndani kabla ya kulipa.

Ya kufanya basi ni haya. La kwanza, na kwa wengi linatosha: funga kapi kwenye pete ya omo, kamba itoke kwenye winchi, ipite kwenye kapi, irudi ifungwe kwenye nguzo ya winchi. Mvuto unaohitajika unakuwa karibu nusu, kamba inakuwa ndefu mara mbili, na winchi ya mkono uliyonayo inageuka kazi ya mtoto wa shule. Badilisha rola zilizokwama kabla ya kununua chochote cha umeme. La pili: winchi ya volti 12 ya pikipiki ya magurudumu manne, hata ya mtumba, yenye uwezo ulioandikwa wa kilo 1,100 na kuendelea; uwezo huo unahesabiwa kamba ikiwa safu ya kwanza kwenye ngoma na hupungua kwa kila safu inayoongezeka. La tatu, kama lazima uchomelee: mota ya sumaku ya kudumu ya wati 500 hadi 800, gia ya skrubu ya 50 kwa 1, na mkanda au cheni ya 5 kwa 1. Cheni ikae kati ya mota na gia, kamwe isikae kati ya gia na ngoma, kwa sababu ikikatika hapo hakuna kitakachoishika boti. Gia ya skrubu ya namna hiyo kwa kawaida hairudi nyuma yenyewe, lakini mtikisiko huweza kuilegeza, kwa hiyo weka breki ya kweli pia. Kebo mbili za milimita za mraba 25, usitegemee chuma cha kuvutia trela kuwa njia ya kurudishia umeme; fyuzi ya ampea 100 karibu kabisa na betri; swichi ya kubonyeza inayojiachia yenyewe; mizunguko isiyopungua mitatu ya kamba ibaki kwenye ngoma wakati wote; mtu asisimame kwenye mstari wa kamba; na boti ikishapanda, mnyororo wa usalama kwenye pete ya omo, kwa kuwa winchi si kifaa cha kufungia boti barabarani.

Kabla ya kuishusha boti hadi majini, ijaribu winchi nchi kavu. Boti iwe imefungwa pia kwa mnyororo uliolegea kidogo, trela iwekewe vizuizi vya magurudumu kwenye mteremko. Ivute hadi uzito wote uwe juu ya winchi, zima umeme, piga mstari wa rangi unaovuka kutoka ngoma hadi fremu, kisha iache saa nzima huku ukiitikisa trela mara kwa mara. Mstari ukiwa umeachana hata kwa upana wa kidole, breki haishiki, na winchi hiyo irudi karakana.