DISEMBA USILE FEDHA YA JANUARI

Mkulima mwenzangu, mwezi wa Disemba ukifika, barabara ya Namanga hujaa watu tangu Kitengela hata mji wa Kajiado. Maduka hutundika vibao vya kusema kwamba bei imepunguzwa, nauli za matatu hupanda, na kila mtoto hutaka nguo mpya. Si vibaya kufurahi na jamaa siku ya Krismasi. Shauri letu ni moja tu: tule sikukuu kwa fedha ya sikukuu, tusile fedha ya Januari.

Kwa nini tunaitaja Januari? Kwa sababu mwezi huo shule hufunguliwa, na karo, sare na madaftari hutakiwa kwa pamoja. Tena huku kwetu mvua ya vuli huwa imekwisha, na masika hatuitazamii mpaka Machi. Basi mtu aliyemaliza fedha yake hana budi kupeleka mnyama sokoni. Huko huwakuta jirani zake wamekuja na shida ile ile, na wanunuzi ni wachache, maana watu wa mjini nao wamemaliza mishahara yao. Mnunuzi akijua kwamba huwezi kurudi nyumbani na mbuzi wako, bei huitaja yeye.

Fanya kinyume cha hayo. Disemba ndio wakati nyama inapotakiwa sana mijini. Kama wajua kwamba karo itakulazimu kuuza mbuzi 2, wauze kabla ya Krismasi, na fedha uiweke benki au katika chama cha akiba siku ile ile, kabla hujapita madukani.

Kisha twaa daftari. Andika kwanza mambo ya Januari: karo, sare, chumvi na dawa za mifugo, na mbegu za masika. Toa jumla yake katika fedha uliyo nayo. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Tuseme una shilingi 30,000, na mambo ya Januari yanataka 22,000. Basi sikukuu yako ni ya shilingi 8,000. Andikeni pamoja, mume na mke, maana mama ndiye ajuaye unga uliobaki na mtoto ambaye viatu vyake vimetoboka. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Jihadhari na mikopo ya simu. Mkopo unaotoza shilingi 7.50 kwa kila shilingi 100 kwa siku 30 huonekana mwepesi. Ukikopa 10,000, utarudisha 10,750. Lakini ukiwa huna, ukakopa tena ili kulipa ule wa kwanza, na ukalipa ada hiyo kila mwezi, mwaka ukiisha utakuwa umetoa shilingi 9,000 za ada tu, na deni la 10,000 liko pale pale.

Ardhi ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata sehemu yake. Tangu hapo wengi wameuza ekari moja baada ya nyingine. Wako waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa fedha hiyo, na wako ambao leo hawana fedha wala mahali pa kulisha ng'ombe. Akija mtu na fedha taslimu wiki ya Krismasi, mwambie arudi Februari, nawe uzungumze kwanza na watu wa nyumbani kwako.

Mwisho, kumbuka ukame. Mvua ilikosa misimu 5 mfululizo, tangu vuli ya 2020 hata vuli ya 2022, na ng'ombe wengi wa Kajiado walikufa. Nyasi zilikuwa ghali wakati zilipotakiwa. Vuli ikiwa njema, kata nyasi zako, zikaushe, uzifunge marobota. Na kama huna za kukata, nunua mapema, wakati ziko nyingi na bei ni ndogo. Marobota yaliyo ghalani Disemba huenda yakamfikisha ndama wako Machi.

Tunawatakia sikukuu njema, na watoto wote waende shule siku ya kwanza.