"Si Yupo Nyumbani?": Hesabu ya Kumtunza Mzee Mwenye Demensia

Uliza kwenu kumtunza bibi aliyepoteza kumbukumbu kunagharimu kiasi gani. Utajibiwa, "Hakuna gharama, si fulani yupo nyumbani?" Huyo fulani ndiye ninayetaka tumpigie hesabu. Mara nyingi ni mwanamke, na wakati mwingine ni mwenzetu aliyeahirisha mwaka.

Demensia si uzee tu, wala si kurogwa. Inaletwa na magonjwa ya ubongo, Alzaima likiwa ndilo linaloongoza. Mtu anasahau majina, kisha njia ya kurudi nyumbani, baadaye hata kuoga mwenyewe hawezi. Tusidhani ni mambo ya Ulaya: utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta karibu wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanayo. Dawa ya kuiponya bado haipo, kwa hiyo mzigo mkubwa ni uangalizi, tena wa miaka.

Njia tuliyoizoea ni ndugu mmoja kukaa naye. Shirika la Afya Duniani linasema ndugu anayemhudumia mtu wa hali hii hutumia wastani wa saa 5 kwa siku. Kwa wiki ni saa 35, na sheria yetu ya kazi inaweka wiki ya kawaida isiyozidi saa 45. Yaani ni ajira kamili kasoro kidogo, bila likizo. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 120,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani asiyelala kwa mwajiri. Kwa bei hiyo ya chini kabisa, saa 35 kwa wiki ni kama shilingi 93,000 kila mwezi. Hizo ndizo tunazoziita "hakuna gharama".

Na hapo hujahesabu alichokiacha. Mama yangu mdogo alikuwa anauza mitumba. Bibi alipoanza kutoka usiku kutafuta shamba lililouzwa zamani, meza ya mitumba ikafungwa. Mtaji ukaliwa. Halafu kuna usingizi. Mtu anayeamshwa mara nne kila usiku anakuwa mkali, anaumwa mgongo, anaacha kwenda hata kwenye kikoba. Wajomba wakipiga simu wanauliza, "Mama anaendeleaje?" Yeye haulizwi.

Njia ya pili ni dada wa kazi. Anayelala hapohapo kima chake cha chini kwenye amri ile kilikuwa shilingi 60,000, na ndiyo maana familia nyingi hukimbilia huku. Lakini tuseme ukweli: binti aliyeletwa kupika na kufua anakabidhiwa mtu mzima anayempiga na kumwita mwizi, mchana na usiku, bila kufundishwa chochote. Mzigo haujapungua, umehamia kwa mtoto wa mtu mwingine, pengine mdogo kuliko sisi. Akiondoka baada ya miezi miwili tunasema hana shukrani.

Kuna kupokezana, miezi mitatu kwa huyu, mitatu kwa yule. Kwenye kikao cha familia inasikika kama haki. Kwa mgonjwa ni shida: mtu mwenye demensia hutegemea mazoea, na nyumba ngeni humchanganya zaidi. Bora watoto wapokezane kwenda kwake kuliko yeye kuhamishwa kama godoro.

Makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni na Njoro pale Moshi, ni ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mwenye watoto wanne na nyumba asitegemee kupokelewa. Msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza upo kwenye sera ya mwaka 2003, ila unaishia hospitali, na pampasi za wakubwa hazinunuliwi na msamaha. Tatu kwa siku ni 90 kwa mwezi. Pita duka la dawa uulize bei ya moja, uzidishe mwenyewe. Zanzibar wamejaribu kitu: tangu 2016 kila mwenye miaka 70 na zaidi anapata pensheni, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Haitoshi mlezi, lakini hakuna anayelazimika kuiomba kwa ndugu.

Kwangu mimi njia nafuu kwa nchi yetu ni mzee kubaki nyumbani na mlezi kulipwa, hata kama ni ndugu, tena apewe siku ya kupumzika inayojulikana. Sisi wa boom hatuna hela, ila Jumamosi tunazo. Kwetu sasa wajomba wanatuma shilingi 100,000 kwa mama mdogo kila tarehe 5, na mimi na binamu yangu tunakaa na bibi Jumamosi moja moja. Mwezi uliopita alifungua tena meza, siku mbili kwa wiki.