KUWAPOKEA NA KUWASHUKURU WANAOJITOLEA KUOKOA MAISHA

Zamani za mababu, Mjaluo aliposikia sauti ya nduru usiku, hakuuliza ni nani apigaye yowe wala ana deni gani kwake. Alitoka nje na silaha yake akakimbilia kule itokako sauti. Desturi hiyo njema ndiyo mzizi wa jambo tutakalo kulieleza wiki hii, yaani kazi ya watu wanaojitolea kusaidia wakati wa hatari katika Kaunti za Homa Bay na Migori, na jinsi iwapasavyo wenyeji kuwapokea wale walio wapya.

Hatari za nchi hizi zajulikana. Mwezi Mei 1964 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda hata kufika kimo kisichopata kuonekana tangu vipimo kuanza. Mwezi Mei 2020 kimo hicho kilipitwa, na watu wengi wa pwani ya Ziwa wakahama nyumba zao. Mto Kuja nao hufurika mara kwa mara huko Nyatike na kufunika mashamba. Wavuvi hupatwa na dhoruba. Wachimbaji wa dhahabu hufukiwa na udongo mashimoni. Tena katika barabara kuu itokayo Kisii na kupita Rongo na Migori hata Isebania, pikipiki na magari huleta ajali nyingi.

Wahenga walisema, Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtu aliyezama majini, akikosa pumzi kwa dakika chache tu, ubongo wake huanza kuharibika. Gari la wagonjwa haliwezi kufika kisiwani Mfangano, maana hapana budi kuvuka maji kwa chombo. Kwa hiyo aokoaye maisha mara nyingi ni jirani aliye karibu, mradi awe amefundishwa.

Chanzo cha Chama cha Msalaba Mwekundu ni Henry Dunant, mtu wa Uswisi, ambaye mwaka 1859 aliona majeruhi wengi wa vita vya Solferino, nchini Italia, wakiachwa bila matunzo. Aliwakusanya wenyeji wawahudumie wote bila kuuliza ni wa jeshi lipi. Katika Kenya chama hiki kwanza kilikuwa tawi la kile cha Uingereza, na mwaka 1965 kikasimama chenyewe kwa sheria ya Bunge. Kujitolea bila kutafuta faida ni mojawapo ya kanuni zake saba.

Wako pia wahamasishaji wa afya ya jamii, wapatao 100,000 katika nchi nzima, ambao Serikali iliwatuma rasmi kazini mwezi Septemba 2023. Hawa walikubaliwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, Serikali kuu na ya kaunti zikichangia nusu kwa nusu. Lakini yule ajitoleaye katika Msalaba Mwekundu hana mshahara, na yafaa watu walielewe jambo hilo.

Mtu mpya hufundishwa mambo mengi. Hujifunza kuzuia damu kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Kutomwinua ovyo aliyeumia shingo au mgongo. Kumpulizia pumzi aliyezama na kumkandamiza kifua, badala ya kumning'iniza kichwa chini kama wengine wafanyavyo. Hufundishwa pia kwamba mwokoaji asijitupe majini bila kamba au kitu cha kuelea, kwa kuwa mara nyingi huzama wote wawili.

Basi, apokelewe namna gani? Kwanza, ajulishwe kwa watu katika baraza la chifu, wamwone uso na kulijua jina lake. Siku ya ajali watu husukumana, wengine huja kuiba. Asiyejulikana aweza kudhaniwa mwizi akafukuzwa, na majeruhi akafa. Apewe pia kitambulisho na vazi la chama.

Pili, afuatane na mzoefu. Asipelekwe peke yake mahali penye maiti siku yake ya kwanza.

Tatu, apewe kazi mapema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kijana aliyefundishwa kisha akakaa miezi mingi bila kuitwa hudhani hahitajiwi, naye huenda zake.

Nne, baada ya msiba mkubwa wakubwa wake wakae naye, wamsikilize. Aliyetoa mtoto majini akiwa amekwisha kufa hurudi nyumbani na mzigo moyoni, wala si aibu kwa mwanamume kulieleza jambo hilo.

Sasa tuseme juu ya shukrani. Tarehe 5 Desemba kila mwaka ni siku ya kimataifa ya wanaojitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Ni siku ifaayo kuwaita mbele ya watu, kutaja kazi waliyofanya na kuwapa vyeti. Lakini cheti hakinunui mafuta ya pikipiki. Ikiwa mtu alitumia nauli yake, arudishiwe. Ikiwa glavu zake zimekwisha, apewe nyingine. Na majirani wanayo njia yao ya zamani: mtu aliyeshinda juma zima katika mafuriko, shamba lake likamea magugu, na alimiwe kwa saga.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wengine hulipwa matusi. Blanketi zikiwa chache kuliko nyumba zilizofurikiwa, aliyekosa humshutumu agawaye, husema amekula mali ya watu. Ingefaa orodha isomwe hadharani mbele ya wazee, na kila mmoja aelezwe kwa nini wajane, wagonjwa na wenye watoto wachanga wametangulizwa. Hivyo shaka huondoka, na jina la mtu mwema halichafuki.

Msomaji mwenye haja ya msaada wa haraka aweza kupiga simu bure kwa Msalaba Mwekundu, namba 1199. Naye atakaye kujitolea na aende katika tawi la chama katika kaunti yake aulize habari za mafunzo. Nduru ingali inalia. Tofauti ni kwamba leo aikimbiliaye huchukua bendeji na kamba mahali pa mkuki.