Jua la Mchana, Umeme wa Usiku

Hoja inayotajwa kwanza dhidi ya vituo vya kufua umeme kwa joto la jua ni bei, na ukiitazama juu juu haina jibu. Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, IRENA, uniti moja ya umeme kutoka miradi mipya ya paneli za sola mwaka 2023 iligharimu wastani wa senti 4.4 za dola ya Marekani. Uniti iliyofuliwa kwa vioo, chumvi na mvuke iligharimu karibu senti 12. Mipango mingi huishia kwenye mstari huo wa jedwali.

Lakini jedwali hilo halina saa. Linaweka uniti ya saa saba mchana kando ya uniti ya saa mbili usiku kana kwamba ni bidhaa moja, na aliyewahi kuendesha gridi anajua si bidhaa moja. Mchana paneli zikishaenea nchini, umeme hujaa hadi ukakosa mnunuzi. Magharibi ikiingia paneli zote huzimika kwa pamoja, saa ileile watu wanaporudi nyumbani na kuwasha kila kitu. Hapo ndipo mitambo ya gesi na dizeli huwashwa, na hapo ndipo umeme wa jua lililohifadhiwa hupata thamani yake.

Tuangalie kinachofanyika ndani ya kituo. Noor III kiko Ouarzazate, kusini mwa milima ya Atlas nchini Morocco. Kina vioo wapatavyo 7,400, kila kimoja na eneo la mita za mraba 178 na mota zake za kukigeuza kulifuata jua, na vyote huelekeza miale kwenye kilele cha mnara wenye urefu wa karibu mita 250. Chumvi iliyoyeyushwa hupandishwa kwa pampu ikiwa na nyuzijoto 290 za Selsiasi, hushuka ikiwa na nyuzi 565, na kuingia katika tangi la moto. Umeme unapohitajika, chumvi hiyo huchemsha maji, mvuke unazungusha mtambo wa megawati 150, kisha chumvi inarudi katika tangi la baridi. Tangi hilo ni la baridi kwa jina tu, maana chumvi hii ikishuka chini ya nyuzi 240 hivi huanza kuganda. Ndiyo sababu mabomba yake huzungushiwa nyaya za kupasha joto: kuiachia igande ndani ya bomba katikati ya usiku wa jangwani ni kujitafutia wiki nzima ya matengenezo.

Chumvi yenyewe si ya ajabu. Ni mchanganyiko wa naitreti ya sodiamu, asilimia 60, na naitreti ya potasiamu, asilimia 40, chumvi ambazo wakulima huzitumia kama mbolea. Na ukubwa wa tangi unasaidia. Kama chupa ya chai, kadiri lilivyo kubwa ndivyo joto linavyokawia kutoka. Tangi lililofungwa vizuri hupoteza karibu nyuzi moja tu kwa siku.

Hapa kuna hesabu moja ambayo naiona ndiyo kiini cha suala la gharama. Vituo vya mwanzo, kama Andasol 1 kilichoanza kazi karibu na Granada, Hispania, mwaka 2009, hutumia vioo vilivyopindwa kama mifereji, na katikati yake hupita mafuta maalumu ambayo huharibika yakipita nyuzi 400. Chumvi yake kwa hiyo hupanda kwa nyuzi 100 tu, na tani moja hubeba joto la takriban uniti 40. Katika mnara, chumvi hupanda kwa nyuzi 275, na tani ileile hubeba uniti 115 hivi. Andasol 1 ilihitaji tani 28,500 za chumvi ili kuendesha megawati 50 kwa saa saba na nusu. Ukipandisha joto, unapunguza chumvi, chuma cha tangi na pampu kwa pamoja, na mtambo wa mvuke nao hugeuza sehemu kubwa zaidi ya joto kuwa umeme.

Muhimu zaidi ni kwamba ukitaka kuongeza saa, hununui mtambo mwingine. Unaongeza chumvi, tangi na vioo vya kulijaza. Betri haziko hivyo: kutoka saa nne kwenda saa nane, unanunua karibu idadi ileile ya betri mara ya pili. Kwa hiyo kwa saa mbili, tatu au nne baada ya jua kuzama, sioni sababu ya kushindana na betri za lithiamu. Zimeshashinda, na bei yake bado inashuka. Chumvi ina nafasi pale gridi inapotaka usiku mzima. Gemasolar, kituo kidogo cha megawati 20 karibu na Seville chenye akiba ya saa 15, kiliwahi mwaka 2013 kufua umeme usiku na mchana kwa siku 36 mfululizo.

Bei hushukaje basi? Wengi hutarajia uvumbuzi. Mimi naanza na mkataba.

Afrika Kusini ilionyesha hili waziwazi. Katika awamu ya tatu ya zabuni zake za nishati jadidifu, serikali iliamua kwamba umeme wa vituo vya joto la jua utalipwa bei ya msingi mchana, asilimia 270 ya bei hiyo kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi saa tatu na nusu usiku, na usiku wa manane hautalipwa kitu. Wawekezaji hawakuhitaji kuhubiriwa. Kathu, kituo cha megawati 100 katika jimbo la Northern Cape, kikajengwa na akiba ya saa nne na nusu, karibu sawa na dirisha la saa tano lililolipwa vizuri. Mkataba ndio uliopima tangi. Nchi inayolipa bei moja kwa saa zote humfundisha mwekezaji kuuza mchana, halafu inashangaa usiku hauna umeme.

Baada ya mkataba, riba. Kituo cha aina hii hakinunui mafuta, kwa hiyo karibu gharama yote hulipwa kabla ya uniti ya kwanza kuuzwa. Chukua mkopo wa shilingi bilioni 100 wa kulipwa kwa miaka 25. Kwa riba ya asilimia 3, unarejesha bilioni 5.7 kila mwaka. Kwa asilimia 10, unarejesha bilioni 11. Vioo ni vilevile na jua ni lilelile, ila marejesho yamepanda karibu maradufu, na mlipaji ni mwenye mita. Dubai walilielewa hili. Mradi wao wa megawati 700, uliozinduliwa rasmi Desemba 2023 katika bustani ya sola ya Mohammed bin Rashid Al Maktoum, ulifungiwa bei ya senti 7.3 kwa uniti, na mkataba wake ni wa miaka 35. Muda huo mrefu, pamoja na fedha nafuu, umefanya kazi kubwa katika bei ile kuliko watu wanavyokiri.

Vioo nitavipitia kwa haraka. Ndivyo sehemu kubwa ya gharama ya ujenzi, na vinashuka bei kwa kurudiwarudiwa: kiwanda kilekile, mafundi walewale, mradi baada ya mradi. China inafanya hivyo tangu kituo cha megawati 100 cha Dunhuang kilipoanza kazi mwaka 2018. Hispania na Marekani zilijenga kwa kishindo, zikaacha, na ujuzi ukatawanyika.

Kinachonitia wasiwasi wa kweli ni tangi la moto. Crescent Dunes, kituo cha megawati 110 katika jangwa la Nevada, kilivuja chumvi mwaka 2016 na kufungwa kwa miezi kadhaa. Mwaka 2019 mnunuzi wake wa umeme alivunja mkataba, na mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Noor III nacho mwaka 2024 kilisimama kwa miezi mingi kwa sababu ya uvujaji kwenye tangi. Sababu unaweza kuikokotoa kwenye karatasi. Sakafu ya chuma cha pua yenye kipenyo cha mita 40, ikipashwa kutoka joto la kawaida hadi nyuzi 565, hutanuka karibu sentimita 40. Inatanuka huku imebeba maelfu ya tani za chumvi na inasuguana na msingi ulio chini yake. Sehemu moja ikipata moto kabla ya nyingine, bati hujikunja na mshono wa weldingi hupasuka.

Ndiyo maana sishabikii sana mbio za kuvuka nyuzi 700 kwa kutumia punje za mchanga maalumu, kazi ambayo maabara ya Sandia nchini Marekani inaifanya kwa ustadi. Utafiti huo uendelee. Ila benki haikopeshi kwa riba ya asilimia 3 kwa kituo ambacho tangi lake linaweza kukizima mwaka mzima. Fundi atakayetupatia sakafu inayodumu miaka 30 atashusha bei ya uniti kuliko nyuzi 150 za ziada.

Je, Afrika Mashariki? Vioo hivi hutaka miale ya moja kwa moja. Mwanga uliotawanywa na mawingu au unyevu, unaozitosha paneli, havina la kuufanyia. Pwani ya Mombasa na Dar es Salaam kwa hiyo haifai. Kaskazini mwa Kenya kukavu kuna nafasi zaidi, ingawa Kenya tayari ina mvuke wa ardhini wa Olkaria unaofua umeme usiku kucha. Tanzania ina maji ya Bwawa la Julius Nyerere, na mwaka wa ukame ndio utakaoonyesha kama yanatosha. Ningependa zabuni zetu zijazo za sola ziandikwe kwa saa: kiasi gani kinatakiwa kati ya saa moja na saa nne usiku, na kwa bei gani. Betri, bwawa na chumvi zote zishindanie dirisha hilo.