Umewahi Kufungwa na Unajua Kuandika Programu za Kompyuta: Kazi Utaipataje?



Vijana kadhaa wamefika mezani kwetu na swali moja, na kila mmoja amelisema kwa sauti ya chini. Amejifunza kuandika programu za kompyuta hapa Kakuma, mwaka mmoja au miwili. Anaweza kutengeneza tovuti, au programu ya simu inayofanya kazi. Sasa mwajiri ameomba cheti cha polisi, na yeye aliwahi kufungwa. Je, yote aliyojifunza yamekwenda bure?

Hapana, hayakwenda bure. Lakini njia yake si ile ya mtu asiye na rekodi, na akiifuata bila kujua anaweza kujiharibia mwenyewe. Ndiyo maana tunaandika ukurasa huu. Wewe ambaye hujawahi kuona mlango wa mahakama, tafadhali usome pia, maana huenda ndugu yako anahitaji habari hizi na anaona haya kuuliza.

KWANZA, JUA REKODI YAKO INASEMA NINI

Watu wengi hawajui. Mmoja alilipa faini mahakamani akadhani kwamba kwa kuwa hakulala gerezani, hana rekodi. Anayo, kwa sababu alitiwa hatiani. Mwingine alikamatwa, akalala kituoni siku mbili, akaachiliwa bila kushtakiwa, na tangu siku hiyo anajiita mhalifu. Si mhalifu. Kukamatwa ni jambo moja na kutiwa hatiani ni jambo jingine. Fomu ya kazi ikiuliza, "Je, umewahi kutiwa hatiani?" mtu huyo wa pili anajibu "Hapana" na anasema kweli. Soma swali lilivyoandikwa, si jinsi unavyoliogopa.

Baadhi ya waliotujia walifungwa kwa kukaa nje ya kambi bila kibali. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2006, kosa hilo lilikuwa na adhabu ya faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sheria hiyo iliondolewa na ile ya mwaka 2021, lakini hukumu zilizotolewa wakati ule hazikufutika kwa sababu hiyo. Jambo la kukumbuka ni kwamba mwajiri wa mbali haijui sheria hii. Akiona neno "kifungo" atafikiria wizi au kisu. Kwa hiyo karatasi inayoeleza kosa lenyewe ina thamani kubwa kwako.

Cheti cha polisi, ambacho wengi hukiita cheti cha mwenendo mwema, hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai. Maombi hufanywa kwa intaneti, kupitia eCitizen, kisha unapigwa alama za vidole na alama hizo hulinganishwa na zile zilizo katika kumbukumbu za polisi. Ukiwa na hukumu, itaonekana. Ni heri uione wewe kabla ya mwajiri.

Mbali na cheti, nenda au mtume mtu kwenye masjala ya mahakama iliyokuhukumu, uombe nakala ya hukumu. Inatakiwa ionyeshe nambari ya kesi, tarehe, kosa na adhabu. Kama ulikuwa gerezani, tafuta pia ile karatasi ya kuachiliwa. Na kama kesi iliondolewa au mahakama ilikuachilia huru, lakini cheti bado kinakuonyesha kama mkosaji, una haki ya kudai irekebishwe. Katiba ya Kenya, kifungu cha 35(2), inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au zinazopotosha kumhusu yeye. Angalia neno "kila mtu": halikusema "kila raia". Wewe mkimbizi umo.

SHERIA INAKULINDA KIASI GANI?

Hapa Kenya, kwa jambo hili, kidogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kubagua kwa sababu ya rangi, jinsia, lugha, dini, uraia, kabila, ulemavu, ujauzito na mengine kadhaa. Rekodi ya jinai haimo katika orodha hiyo. Mwajiri akikuambia, "Tumekukataa kwa sababu ya cheti," huna pa kumshika. Tunasema hivyo wazi ili usipoteze nauli ukitafuta mashtaka.

Uingereza wana sheria ya mwaka 1974 inayofanya hukumu nyingi "zipitwe na wakati". Tangu Oktoba 2023, kwa makosa mengi, aliyefungwa mwaka mmoja au pungufu hana tena wajibu wa kuitaja hukumu hiyo kwa mwajiri wa kazi za kawaida, mwaka mmoja baada ya adhabu kwisha, mradi hakufanya kosa jingine.

Marekani inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tuna ndugu waliohamishiwa huko kabla mpango wa kupokea wakimbizi haujasimamishwa mnamo Januari 2025, na ndugu hao hutupigia simu kuuliza. Pili, kampuni nyingi zinazotoa kazi za programu kwa intaneti ni za huko, na maswali yao hufika mpaka kwenye kompyuta za hapa kambini.

Huko, fomu ya kazi ilikuwa na kisanduku kidogo cha kutia alama kama umewahi kutiwa hatiani. Aliyetia alama, fomu yake iliwekwa kando bila kusomwa. Jimbo la Hawaii lilikuwa la kwanza, mwaka 1998, kuwazuia waajiri wasiulize swali hilo mwanzoni. Majimbo mengine yakafuata, kwa mfano Massachusetts mwaka 2010. Huko California, tangu Januari 2018, mwajiri mwenye wafanyakazi 5 au zaidi hawezi kuuliza mpaka awe amekwisha kukupa ahadi ya kazi. Akitaka kuivunja ahadi hiyo kwa sababu ya rekodi, lazima afikirie uzito wa kosa, muda uliopita na aina ya kazi, tena akuandikie na kukupa nafasi ya kujibu.

Ndugu yako aliyeko huko ajue pia jambo hili: kampuni ikinunua taarifa ya historia yake kutoka kwa kampuni za uchunguzi, sheria ya taifa zima ya mwaka 1970 inataka kwanza apate kutoa idhini yake kwa maandishi. Na kabla ya kumkataa, wampe nakala ya taarifa hiyo. Taarifa hizo hukosea mara nyingi, hasa kwa majina yetu, ambayo huandikwa leo hivi na kesho vile, na tarehe ya kuzaliwa ya watu wengi ikiwa ni tarehe 1 Januari. Akiona kosa la mtu mwingine limewekwa kwake, alipinge kwa maandishi mara moja.

Kuna pia bima ya uaminifu ambayo Wizara ya Kazi ya Marekani imekuwa ikiitoa tangu mwaka 1966. Mwajiri anayemwajiri mtu aliyetoka gerezani hupewa kinga ya dola 5,000 kwa miezi 6 ya kwanza, bila malipo. Waajiri wengi hawaijui. Mwombaji anaweza kuitaja yeye mwenyewe.

Lakini wewe uliye hapa, usijidanganye. Sheria hizo zinawalinda wafanyakazi walioko kule. Ukiandika programu ukiwa Kakuma kwa mkataba wa kazi moja moja, kampuni inaweza kuacha kukupa kazi bila kueleza lolote. Silaha yako ni nyingine.

KAZI IONEKANE KABLA YA REKODI

Kazi hii ina jambo moja linalowafaa watu wenye historia kama yako. Fundi seremala hawezi kumtumia tajiri wa Nairobi kiti ili akikalie kabla ya kumjua. Mwandishi wa programu anaweza. Kazi yake inasomeka mahali popote duniani, na inaonyesha yenyewe kama ni nzuri au mbaya.

Mwaka 2025 ilijulikana habari ya mfungwa mmoja katika jimbo la Maine, Marekani, aliyekuwa bado gerezani kwa makosa ya dawa za kulevya. Jimbo hilo liliruhusu baadhi ya wafungwa kutumia intaneti kwa kazi. Yeye akaanza kuchangia katika programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha. Akarekebisha kasoro, akaongeza sehemu mpya, siku baada ya siku. Mkuu wa kampuni iliyokuwa na mradi huo aliiona kazi yake na kuipenda, ndipo akagundua kwamba mtu mwenyewe ni mfungwa. Akamwajiri hivyo hivyo.

Huko California, katika gereza la San Quentin, shirika la The Last Mile lilianza mwaka 2014 kuwafundisha wafungwa kuandika programu. Hawakuwa na intaneti. Walijifunza kwa mashine zilizofungwa zisiunganishwe na nje. Mwaka 2018 kampuni ya Slack ikakubali kupokea wanagenzi watatu waliofungwa zamani. Sisi ambao umeme hukatika na bando huisha katikati ya somo, tunaelewa maana ya kujifunza namna hiyo.

Basi fanya hivi. Chagua mradi mmoja wa programu huria unaoutumia na kuuelewa. Anza na kidogo: maelezo yenye makosa, tafsiri ya Kiswahili, kasoro ndogo ambayo wengine wameiacha. Tumia jina lako la kweli, lile lililo kwenye kitambulisho chako cha mkimbizi. Mwaka mmoja wa kazi za namna hiyo, zenye tarehe na maoni ya watu wengine, ni ushahidi wa tabia ambao cheti chochote hakiwezi kuutoa. Kwa maoni yetu una uzito kuliko barua tatu za viongozi wa mtaa, ingawa barua nazo usizikatae.

Chagua pia mahali pa kuomba. Benki, kampuni za kutuma fedha, shule na kazi za serikali hukagua kwa ukali zaidi, na aliyehukumiwa kwa wizi au udanganyifu atahangaika sana huko. Kampuni ndogo zinazotengeneza tovuti, maduka yanayotaka hesabu zao ziingie kwenye kompyuta, na miradi ya muda mfupi huangalia zaidi kama kazi imekamilika.

UTASEMA NINI UKIULIZWA?

Usilitaje kosa katika barua ya maombi kama hukuulizwa. Lakini ukiulizwa waziwazi, sema. Uongo ukigunduliwa baada ya miezi 6 utafukuzwa kwa sababu ya uongo, hata kama kosa lenyewe lingesamehewa. Sema kwa ufupi: kosa, mwaka, adhabu, na ulichofanya tangu hapo. Kwa mfano:

"Mwaka 2018 nilifungwa miezi 3 kwa kukaa nje ya kambi bila kibali. Nilimaliza adhabu yangu na sijashtakiwa tena. Nakala ya hukumu ninayo. Tangu mwaka 2021 naandika programu, na kazi zangu mnaweza kuziona hapa."

Kisha nyamaza. Wengi huharibu mambo kwa kuendelea kueleza, mara askari alikuwa na chuki, mara rafiki ndiye aliyeanza. Kama kosa lilikuwa la kumdhuru mtu, usilipunguze wala usimlaumu aliyedhurika.

MAMBO MAWILI YA HATARI

Wapo watu hapa sokoni wanaouza vyeti "safi" vya polisi. Kughushi hati ni kosa linaloadhibiwa kwa kifungo chini ya sheria ya Kenya, na kutumia hati ya kughushi unapojua ni hivyo ni kosa vilevile. Aliyefungwa miezi mitatu kwa kibali atakuwa amejitafutia rekodi ya udanganyifu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa kazi yetu hii. Tahadhari hiyo iende pia kwenye fomu za uhamiaji: wengi wanajua kwamba kosa la zamani linaweza kuchelewesha faili, lakini hawajui kwamba kusema uongo juu yake ni sababu ya kukataliwa peke yake.

La pili ni kufanya kazi kwa akaunti ya mtu mwingine katika masoko ya kazi ya intaneti. Tunajua kwa nini watu hufanya hivyo. Lakini soko likiomba kitambulisho na uso haufanani, akaunti hufungwa pamoja na fedha zilizomo, na sifa yote uliyoijenga inabaki kwa jina ambalo si lako.

Kuhusu ruhusa ya kufanya kazi, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inamtambua mkimbizi kuwa na haki ya kufanya kazi au biashara, na kibali kinachohusika ni kile cha daraja M. Cheti cha polisi hakichukui nafasi ya kibali hicho, wala kibali hakichukui nafasi ya cheti.

Mwenye nakala ya hukumu asiyeielewa ailete mezani kwetu, tutaisoma pamoja naye faraghani. Mwenye kesi ambayo bado iko mahakamani asisubiri mpaka imalizike: aonane na wakili wa msaada wa sheria kabla ya kukubali kosa lolote. Na wale wenye ndugu Marekani waliokamatwa, wawaambie neno hilo hilo kwa simu leo, maana kwa asiye raia kule, kukubali kosa ili atoke haraka kunaweza kumfikisha kwenye kufukuzwa nchini. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 2010, wakili wake wa jinai ana wajibu wa kumweleza hatari hiyo, asipoelezwa, aulize.